Kidude cha Nchi za Baridi

Mume wangu alinipa habari ile akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, vile anavyokishika akiwa na neno alilolifanyia mazoezi. Tulikuwa jikoni kwetu Woodley, Jumapili asubuhi, manyunyu ya Julai yakianguka nje.

"Hii gari iende," akasema. "Imetukula ya kutosha. Kuna jamaa wa ofisi anaitaka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja kuiona."

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikaendelea kukata, maana najijua. Nikiacha kisu nikafungua mdomo, hakuna atakayemaliza chai yake.

Na kusema ukweli hakuwa amedanganya. Kagari ketu kalikuwa kadogo, ka milango mitatu, kalikuja kwa meli kutoka Japani baada ya wenyewe huko kukachoka, lakini kwa kunywa kalikuwa na koo la lori la mchanga. Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepanda na kila mtu alikuwa analia. Hata hivyo jirani zetu wenye magari makubwa kuliko letu walijaza tangi wakamaliza wiki. Sisi tukijaza Jumatatu, Alhamisi sindano imelala. Ukisimama nyuma ya gari likiwa linanguruma, ulisikia harufu ya petroli mbichi, na bomba la ekzosi lilikuwa jeusi kwa masizi. Fundi wetu wa mtaani alilitazama mara kadhaa, akabadilisha plagi, akatuambia tusijali, injini iko poa sana, angalia hata hiyo sindano ya joto, haipandi kabisa. Hiyo sindano tulijivunia. Magari ya wenzetu yalikuwa yakichemka kila kukicha, letu lilikuwa limekaa miaka bila kujua kuchemka ni nini.

Sasa, lingekuwa gari lingine lolote ningemwambia auze na nimsaidie kulisukuma. Lakini lile lilikuwa miguu ya mama yangu.

Mama alikuwa msusi Kenyatta Market. Alianza kusuka pale nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi, na kiti chake, katika kibanda alichogawana na wasusi wenzake, alikijua kuliko kitanda chake. Kuna wanawake aliowasuka wakienda kuolewa, kisha akaja kuwasuka binti zao. Vidole vyake havikuwa na neno. Magoti ndiyo yaliyokuwa yamemgeuka. Aliishi Riruta, kwenye ploti, chumba cha chini, na asubuhi za baridi magoti yale yaligoma mpaka akawa anasimama kwa awamu, kwanza kwa mikono, halafu kwa ukuta, halafu kwa jina la Mungu. Ngazi ya matatu ilishamshinda. Aliwahi kuanguka hapo steji, akaumia mkono, na hakutaka kabisa tulizungumzie. Kwa hiyo kila asubuhi nilitoka Woodley na mume wangu, tukaenda Riruta kumchukua, tukamshusha Kenyatta Market, ndipo sisi tukaendelea na safari ya kazini, mjini. Jioni vivyo hivyo.

Kuhamia kwetu? Jaribu kumwambia. "Nilale kwa mkwe?" angekuuliza, akikutazama kama umemtuma alale barazani kwa watu. Kwetu mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawapigani mabega, hawakai pamoja pakibana, na hasa hawaambiani neno la lawama, hata dogo. Mama alipanda nyuma ya gari hata siku ambazo mume wangu hakuwemo, eti kile kiti cha mbele kina mwenyewe.

Na kaka yangu mkubwa alikuwa huko Kinangop anangoja tu. "Gari ikienda, mama akuje huku," alishaniambia kwa simu. "Apumzike, aangalie kuku." Kaka ni mtu mwema, ila hafikirii. Kinangop asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi. Magoti gani hayo ya kupelekwa kule? Na mama aangalie kuku, mwanamke ambaye asiposikia nani kaachwa na nani hawezi kumeza chakula? Atakufa kwa upweke kabla ya baridi kumfikia. Hayo yote nilimwambia mume wangu pale jikoni, na kisu bado nilikuwa nacho.

"Sasa nifanye nini?" akauliza. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. "Ningekuwa mimi ndio nakunywa hivi, ungekuwa umenifukuza kitambo."

"Ungekuwa unakunywa huku umembeba mama yangu, ningekuvumilia," nikamjibu. "Nipe mpaka hiyo Jumamosi. Nikiifanya ipunguze kunywa, haiendi mahali."

"Wewe?" Akacheka chai ikamwagika. "Juzi si ulinipigia simu kuniuliza maji ya waipa yanawekwa wapi?"

Nilijua ananitania. Lakini kuna utani unaokuingia kama mwiba, na ule ulinifaa, kwa sababu mimi bila kuchokozwa huwa sifanyi jambo.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana nilitoka ofisini, nikapanda orofani kwenye saiba moja ya intaneti pale katikati ya mji, kwenye kompyuta iliyokuwa na herufi zilizofutika, nikaandika swali langu. Kumbe kuna watu huko ng'ambo ambao hiyo ndiyo dini yao. Wana vigari vidogo kama changu, na kazi yao ni kushindana nani atakwenda mbali kwa mafuta kidogo. Wamefunika magurudumu ya nyuma kwa plastiki. Wamewekea gari sakafu ya chini kwa mabango ya zamani ya kura, upepo upite bila kushika kitu. Wametoa viti, wametoa vioo vya pembeni, wamejaza upepo kwenye tairi mpaka zimekuwa kama mawe. Mmoja alikuwa amelirefusha gari lake kwa kulibandika mkia. Nilichapisha kurasa chungu nzima, nikazikunja mkobani, nikarudi kazini nikiwa na furaha ya mtu aliyepata dawa ya mganga.

Nilianza na tairi. Kijana wa pampu pale petroli stesheni aliniangalia mara mbili. "Madam, nikiongeza hapo utakuwa unadunda tu barabarani." Nikamwambia aongeze. Kisha nikalitoa keria la juu ya paa, lile tulilobebea kabichi za kaka kutoka Kinangop, kwa spana ya kuazima na kwa kuvunjika kucha. Kisha buti. Sikuwa nimejua tunatembea na nyumba nzima humo. Kulikuwa na mtungi wa maji, kwa sababu Nairobi huwezi kujua mfereji utakauka lini, na panga, na gunia la makaa lililobaki nusu, na sanduku la vitabu vya nyimbo vya kanisa ambalo mume wangu aliombwa alifikishe kwa mtu tangu Pasaka. Vyote nikavishusha.

Halafu nikatoa kiti cha nyuma.

Hapo nilijiona fundi kwelikweli, mpaka Jumatatu tulipofika Riruta. Mama alichungulia ndani, akaona bati tupu. Kiti cha mbele mume wangu alikuwa ameshakitoka, amesimama nje kwa heshima, akimwonyesha kwa mkono apande mbele. Mama akatazama pembeni kama hakuona. Akarudi ndani ya ploti polepole, akatoka na kigoda chake cha jikoni, akakipitisha nyuma, akakikalia. Njia nzima ya Naivasha Road alikuwa ameshika mgongo wa kiti changu kwa mikono miwili, na kwa zile tairi za mawe kila tuta lilimrusha. Hakulalamika. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, ule wa kuvuka mto. Mume wangu alitazama mbele, masikio yamemsimama. Jioni yake nilikirudisha kiti, nikapunguza na upepo.

Yote hayo yalifanya nini? Kidogo sana. Alhamisi sindano ya mafuta ilikuwa imelala vilevile, labda ikiwa na mto wa kulalia. Nikajaribu hila ambayo kila dereva wa Nairobi huijua, ya kutoa gia na kuachilia gari liteleze lenyewe kushuka Valley Road. Mara ya kwanza ilinoga. Mara ya pili nikazidisha, nikazima na injini, na hapo breki ikawa ngumu kama ukuta na mkokoteni wa viazi uko mbele. Tulisimama karibu nao kiasi kwamba mwenye mkokoteni aliweka kiganja juu ya boneti yetu, akatutazama kwa huruma. Mume wangu alishikilia dashibodi mpaka tulipofika kazini. Aliposhuka aliinama dirishani.

"Mafuta tununue tu," akasema. "Mazishi ni ghali zaidi."

Ndipo nikafikia ukurasa wa boksi. Wale watu wa ng'ambo huziba ule wavu wa mbele ya gari ili upepo usiingie kwenye injini na kulizuia. Nilikata boksi la sabuni ya unga, nikaliingiza mbele ya redieta, nikalifunga kwa waya. Ilikuwa kazi mbaya kuitazama, maneno ya sabuni yanasomeka kutoka mbele, na pale kazini walinzi walinipigia saluti ya kunicheka. Lakini sikiliza. Wiki ile ilikuwa baridi, ile baridi ya Julai ambayo jua halionekani kabisa, na asubuhi ya kwanza na boksi mama alinyoosha miguu kule nyuma, akasema, "Leo ile hewa imerudi."

"Hewa gani?" nikauliza.

"Ya moto. Inanifikia magotini."

Nikamwambia ni vizuri, nikaendelea kuendesha, kwa sababu jicho langu lilikuwa kwenye sindano ya mafuta. Jumatano ilikuwa juu. Alhamisi, juu. Nilimwonyesha mume wangu kwa kidole, nikaona naye ameshangaa. Siku ile niliimba nikipika. Nilimpigia kaka simu nikamwambia kuku wake atawaangalia mwenyewe.

Ijumaa jioni tukitoka mjini, Ngong Road ikasimama. Ilisimama vile inavyosimama ikinyesha mwisho wa mwezi, magari hayasogei hata urefu wa kiatu. Mama alikuwa ameshapanda, yuko nyuma na kikapu chake. Kwanza nilisikia harufu tamu ya mpira unaopikwa. Halafu mvuke ukatoka chini ya boneti, mwingi, mweupe, ukafunika kioo chote, na ile sindano yetu ya joto, tuliyojivunia miaka yote, ikawa imeegemea kule juu kwenye wekundu. Gari ambalo halikujua kuchemka lilichemka mbele ya Nairobi nzima. Mume wangu alishuka kwenye mvua, akang'oa boksi langu kwa nguvu, limeloa, likapasuka, nusu akaitupa kando ya barabara na nusu akaitupa ndani ya buti. Aliporudi kukaa, maji yakimtiririka puani, alisema kwa upole.

"Imetosha. Kesho jamaa anakuja. Nitamleta huko sokoni aione."

Alisema mbele ya mama. Nilitazama kwenye kioo cha ndani. Mama alikuwa ameangalia kikapu chake, anapanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangika. Sikulala vizuri, na sitaki kujifanya nililala.

Jumamosi nilikwenda kumchukua peke yangu. Kulikuwa na ukungu. Gari lilikuwa limejazwa maji upya, halina boksi, na sindano ya joto ilikuwa imerudi kulala chini kabisa kama kawaida yake. Tulipofika karibu na Mbagathi Way nikasikia mama akivuta leso yake, akijifunika magoti.

"Imeenda tena," akasema, kwa sauti ya kujiambia.

"Nini?"

"Ile hewa."

Ndipo akili yangu ikasimama. Wiki ya boksi hewa hiyo, inayopata joto lake kwa injini, ilikuwa moto na gari halikunywa. Boksi limetoka, hewa imekuwa baridi, na nilikuwa tayari nasikia ile harufu ya petroli mbichi. Nilipoegesha Kenyatta Market nilitoa zile kurasa mkobani, zimechakaa, nikatafuta nilichoruka. Kilikuwa mwanzoni kabisa. Niliruka kwa sababu hakikuwa cha kukata wala cha kubandika. Kilisema hivi: kabla hujafanya lolote, hakikisha injini yako inapata joto, kwa maana injini baridi hudhani ni asubuhi siku nzima, na inaendelea kumwagiwa petroli kama ndiyo kwanza inawashwa. Angalia themostati. Ni kidude cha shaba chenye springi, kinakaa kwenye njia ya maji, kinajifunga maji yakiwa baridi na kujifungua yakipata moto. Kulikuwa na picha, imetoka vibaya, nyeusi.

Niliingia nayo kibandani. Mama alikuwa kwenye kiti chake lakini hakuwa anasuka. Alikuwa na lile kopo lake la biskuti mapajani na anatoa vitu, anavigawa. Vitana vyake vya mkia alikuwa ameshampa msusi mdogo wa kiti cha pili, na yule dada alikuwa amevishika tu, hajui avifanyie nini, macho yamejaa. Mteja mmoja alikuwa ameketi kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, anatutazama kwenye kioo.

"Mama, unafanya nini?"

"Usijisumbue, mami," akasema. Aliniita mami kwa kuwa nimepewa jina la mamake, kama anavyoniita akitaka nisilie. "Hata Kinangop watu wana vichwa."

Hilo neno lilinipasua. Sikulia, nilikasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamsukumia ile karatasi mkononi, nikaanza kumweleza kwa haraka habari ya kidude cha shaba na springi na maji, nusu nikijua hanielewi, nikisema labda letu limekwama, labda limeharibika. Mama alisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena mbali. Kisha akaingiza mkono ndani ya kopo. Akatoa fungu la nywele za kusukia, zimefungwa kwa uzi, na mwisho wa uzi palikuwa na kitu kizito kinachozuia nywele zisipeperuke mlango ukifunguliwa.

"Ni kama hii?"

Nilikitazama. Shaba, springi, kikofia cha mviringo katikati. Nilikiona kitu kile miaka na miaka kikining'inia kwenye kiti chake, na siku zote nilidhani ni kizibo cha jiko la mafuta.

"Umetoa wapi?"

"Si siku ile tulichemka tukipanda Mai Mahiu," akasema. "Wewe ulikuwa mgonjwa nyumbani, mkwe akaja kunitoa Kinangop. Mpira wa maji ulipasuka. Fundi wa pale barabarani akaweka mwingine. Halafu akamwambia mkwe, hiki kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu ni kuchemshia watu magari tu. Mkwe akasema, toa. Akatoa, akanipa mimi nishike, kwenye gazeti." Akakifuta kwa leso. "Kitu cha gari ya watu hakitupwi. Nikaweka."

"Na hewa ya moto?"

"Ilikata siku hiyohiyo. Kabla ya kufika Riruta."

"Sasa kwa nini hukusema? Miaka yote hii, mama!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nimwambie nani? Gari ni ya mkwe, yeye ndiye alisema itolewe. Nianze kusema ananikausha magoti? Mkwe halaumiwi."

Nilikaa chini, kwenye kigoda cha wateja wanaongoja. Nilitaka kucheka na nilitaka kumshika mabega nimtikise, na zaidi ya yote nilihisi kitu kimeanza kulegea kifuani, ila niliogopa kukiamini. Labda kidude kile chenyewe kilikuwa kimekufa.

Karatasi ilisema namna ya kukijaribu: kichovye kwenye maji ya moto ukitazame. Na kama kuna mahali maji ya moto hayakosekani, ni kwa msusi. Sufuria ilikuwa pale kwenye jiko, inatokota, ile ya kuchovyea ncha za rasta zikimalizwa ili zisifumuke. Mama mwenyewe alikitumbukiza kwa uzi wake, akashika juu, kama anavyoshika ncha za kichwa cha mtu. Wasusi wote wakaja. Mteja akaja na nusu kichwa chake. Tukainama tukitazama majini, na kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu kile kikofia cha katikati kikajisogeza. Kikashuka taratibu, springi ikajibana, pakafunguka tundu ambalo ungeweza kupitisha kidole. Mama akakitoa, akakipuliza, kikajifunga mbele ya macho yetu. Akakirudisha majini. Kikafunguka tena.

"Haki ya nani," akasema yule msusi mdogo, bado ameshika vitana.

Tulikuwa tunakichovya mara ya tatu mume wangu alipotokea mlangoni na jamaa wa ofisi nyuma yake, shati limepigwa pasi, amekuja kununua gari. Sikuwaza hata kumsalimu mgeni. "Njoo uone," nikamwambia mume wangu. Akaona. Nikampa karatasi, akasoma akiwa amesimama, akarudia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu, nayo yalikuwa makali, kikulacho ki nguoni mwako lilikuwa la kwanza. Lakini mama alikuwa amegeukia ukuta kwa heshima ili asimwone mkwe wake akiaibika, na nilipomwona vile nikayameza yote.

Hata hivyo hayakuhitajika. Mume wangu ni mtu wa haki, nampa hiyo. Alikunja karatasi.

"Ni mimi nilisema itolewe," akasema mbele ya wote, mbele ya jamaa wake. Kisha akamgeukia huyo jamaa. "Boss, kuja nikununulie nyama. Gari leo haiuzwi. Tuone kwanza."

Jamaa alikuja kununua gari akaondoka na mbavu za mbuzi, na sijamsikia akilalamika. Wakati wanakula, injini ilikuwa inapoa. Fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza gari la mtu hapo kwenye maegesho alituazima spana, na mume wangu akavua koti. Mahali pa kidude palikuwa palepale, nati mbili tu, mfuniko, na ndani tundu tupu. Gasketi, ile karatasi ya kuziba chini ya mfuniko maji yasivuje, hatukuwa nayo. Nikakumbuka ile nusu ya boksi iliyobaki kwenye buti, imeshakauka. Niliikata kwa makasi ya mama, nikaipaka mafuta mazito ya nywele, ikakaa sawasawa kama iliyotoka dukani. Ndilo jambo la pekee katika ufundi wangu wote ambalo mume wangu amewahi kulisifu.

Jioni tulimrudisha mama Riruta. Jua lilikuwa limetokeza kidogo, hakuna aliyehitaji hewa yoyote. Sote watatu tulikuwa tunatazama sindano ya joto, hata mama kutoka nyuma, naapa. Ilianza kupanda mara moja, jambo ambalo hatukulizoea, na nikaanza kuomba. Ikafika katikati, ikatulia hapo. Tukangoja iendelee. Haikuendelea.

Wiki iliyofuata tulijaza Jumatatu, na Ijumaa jioni bado kulikuwa na mafuta ya kwenda kanisani Jumapili. Mume wangu ndiye aliyempigia kaka yangu, akamwambia mama haji. Na mama alimwendea yule msusi mdogo akanyoosha mkono, bila maelezo, mpaka vitana vyote vikarudi koponi. Alikaa kwenye kiti kile miaka mingine mingi.

Lakini kile ninachokikumbuka kuliko vyote ni Jumatatu yenyewe, asubuhi, tulipokwenda kumchukua. Ukungu ulikuwa umefika mpaka chini. Mume wangu alishuka, akamfungulia mlango, akainamisha kiti cha mbele apite, akatazama pembeni akipanda, kama siku zote. Tukaondoka. Naivasha Road yote nilimsikia mama akihema na kupangapanga leso magotini. Tulipokaribia kuingia Ngong Road akakohoa.

"Mkwe," akasema.

Mume wangu akashtuka. Tangu tuoane, mama hakuwa amewahi kumwomba chochote, hata chumvi mezani.

"Ndiyo, mama."

"Fungua ile hewa."

Alinyoosha mkono akaifungua mpaka mwisho, na kwenye kioo nilimwona mama akiitoa leso magotini, akiikunja, akiiweka ndani ya kikapu.